Inchi Kumi na Tisa

Mafundi cherehani wengi wana neno moja wanalolipenda kuliko yote, nalo ni kesho. Gauni litakuwa tayari kesho, vifungo vinawekwa kesho, umeme ukirudi tutamalizia kesho. Huyu wa kwetu hakuwa na neno hilo. Ukimpelekea kitambaa Jumatatu akakwambia Alhamisi, basi Alhamisi utalikuta gauni lako limetundikwa kwenye msumari, limepigwa pasi, na yeye mwenyewe anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyechelewa. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Leo, na jina lake la ubatizo likabaki kwenye kitambulisho na vitabu vya kanisa.

Sifa yake ya pili haikupendwa sana. Futi yake ya kupimia haikumwonea mtu haya. Mama mwenye heshima zake angeingia pale chumba cha mbele, avute tumbo ndani, aseme kiuno changu ni thelathini na mbili. Mama Leo angezungusha futi, angesoma thelathini na nane kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, na kuandika kwenye daftari. "Futi haina shemeji," alikuwa akisema. Wateja walinuna, wengine walihama wiki mbili tatu, kisha wakarudi kimyakimya, maana nguo alizoshona ziliwakaa. Nawaeleza haya mapema ili mjue tunamzungumzia mtu wa namna gani. Hakuwa mwongo. Naomba mlishike hilo, kwa sababu hata mimi kuna wakati linaniponyoka.

Mumewe alikuwa fundi wa kuezeka. Walimwita Paka, kwa jinsi alivyotembea juu ya mabati kama yuko sebuleni kwake. Siku aliyoanguka, bati moja ambalo halijapigiliwa misumari liliteleza chini ya mguu wake, akatua juu ya rundo la matofali. Mfupa wa paja la kushoto ulivunjika vipande vitatu. Hospitali wakamfungua, wakauunga kwa bamba la chuma na skrubu, wakamshona. Watu waliokuja kumpa pole walikuwa na mzaha mmoja, kila mmoja akidhani kaubuni yeye: kwani paka si huangukia miguu? Mama Leo alicheka mara ya kwanza. Mara ya tano alimwonyesha mtu mlango.

Mfupa, walisema, ungeunga wenyewe polepole. Shida ilikuwa nyama. Baada ya miezi miwili ya kulala, paja la mwanamume aliyezoea kupanda ngazi na mabati mgongoni lilikuwa limenywea, ngozi imelegea. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali, mtu wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, aliwaita wote wawili akawapimia mbele ya macho yao.

"Paja zima ni inchi ishirini. Hili ni kumi na sita," alisema. "Mkifika kumi na tisa, mje. Nitampima mwenyewe, tutapiga picha, ndipo tuzungumze habari ya kuacha magongo. Kabla ya hapo mguu huu hauwezi kumbeba. Utakunjika tu."

"Tuwe tunakuja kila wiki?" Mama Leo aliuliza.

"Safari ya nusu siku kila wiki? Mtamuua bure. Wewe mama unafanya kazi gani?"

"Cherehani."

Mtaalamu akacheka kwa furaha. "Basi umenimaliza. Shubiri moja juu ya goti, kila Jumamosi asubuhi, kabla hajafanya mazoezi. Futi yako naiamini kuliko yangu."

Wakarudi nyumbani na kazi yao. Kitanda cha Paka kiliwekwa chumba cha pili, nyuma ya pazia linalotenganisha na chumba cha cherehani, ili mke aweze kushona na kumsikia. Kila Jumamosi asubuhi alifunua shuka, akaweka kiganja juu ya lile paja, akafumba macho akaomba, si kwa maneno mengi, kisha akazungusha futi. Namba aliiandika ukutani karibu na mto, kwa ile chaki ya kuchorea vitambaa. Kumi na sita. Kumi na sita na robo. Kumi na sita na nusu. Watoto wao wawili, wakubwa tayari, wenye kazi zao mbali, walipiga simu Jumamosi mchana kuuliza namba kama watu wanaoulizia matokeo ya mpira.

Kisha namba ikagoma. Kumi na sita na nusu, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya tano.

Kumuuguza mtu siku tatu ni upendo. Kumuuguza miezi mitano ni kazi, na kazi yenyewe haina Jumapili. Mama Leo alimwogesha, akamgeuza, akamwaga haja zake, akamvalisha, kisha akanawa mikono akaenda kukata kitambaa cheupe cha mtu bila kukitia doa. Alimpenda mumewe, na kuna asubuhi alimchukia, na mchana wake akatubu. Paka naye alikuwa ameanza kufa moyo. Mfuko wa mchanga aliopewa anyanyue kwa mguu, mara ishirini asubuhi na mara ishirini jioni, ulikaa chini ya kitanda na vumbi lake. Aligeuka akatazama ukuta. Ukimsalimia alijibu kwa pua.

"Niache nioze," alimwambia mkewe siku moja, bila hasira, kama mtu anayeagiza chai.

Hapo inabidi niwaeleze habari ya akina mama wa maombi. Mama Leo alimwamini Mungu kama alivyofanya kazi yake, yaani bila kuchelewa na bila kusukumwa. Kila Alhamisi alifunga hadi saa tisa, kisha akaenda kwenye ukumbi mdogo nyuma ya kanisa, kwenye mabenchi marefu, akapiga magoti na wenzake kumi na wawili. Kiongozi wao alikuwa mwalimu mstaafu, waliyemwita Mama Mlezi, ambaye alizungumza na Mungu kwa sauti ileile aliyoitumia darasani. Fundisho lake lilikuwa moja. "Usiseme unachokiona," aliwaambia. "Mtu yeyote anaweza kusema anachokiona. Wewe sema unachokiamini, ukiseme kwa kinywa, kabla hakijawa." Mama Leo alilisikia fundisho hilo miaka saba, na miaka yote saba lilimpita, maana yeye alikuwa mtu wa kusema anachokiona. Alhamisi ile lilimwingia.

Jumamosi iliyofuata alifunua shuka, akaomba, akazungusha futi. Kumi na sita na nusu, wala haikuwa na hata unywele wa zaidi.

"Ngapi?" Paka aliuliza ukuta.

"Kumi na saba."

Paka akageuka. Alikuwa hajamgeukia kwa siku nne. "Unasema kweli?"

"Lini mimi nimekudanganya namba?"

Na hilo, ole wake, lilikuwa kweli. Akaandika kumi na saba ukutani. Kisha akaenda chumba cha mbele, akafungua daftari la wateja ukurasa wa mwisho kabisa, akaandika kumi na sita na nusu, maana mkono wake haukuweza kuishi bila namba ya kweli kuandikwa mahali fulani. Mchana ule Paka aliomba mfuko wa mchanga. Akaunyanyua mara nane, akatweta, akacheka. Mama Leo alisimama nyuma ya pazia na machozi yakamtoka ya shukrani. Hakuona kwamba amesema uongo. Aliona kwamba ametangulia kidogo, na Mungu atafika.

Wiki chache baadaye Paka akaanza kuhoji. Alikaa kitandani akayatazama mapaja yake mawili. "Mbona mimi sioni tofauti?" alisema. "Futi inasema limeongezeka, jicho linasema bado."

Sasa fundi mwingine angenyamaza, au angeapa. Mama Leo alifanya alichojua. Siku ya Jumatatu, Paka akiwa amevaa taulo anasubiri maji ya kuoga, alichukua suruali zake zote mbili za nyumbani, akazigeuza ndani nje, akaupunguza mguu wa kushoto nusu kidole kwa upande, akapiga mshono mpya ndani ya ule wa zamani. Jioni Paka alivaa, akapitisha mkono pajani, akaita kwa sauti ambayo nyumba ile ilikuwa imeisahau.

"Njoo! Njoo uone! Suruali inanibana!"

"Huku?"

"Huku huku kwenye ubovu! Wiki iliyopita ilikuwa inapwaya." Akajipiga paja kama mtu anayesifia ng'ombe wake sokoni. "Futi inaweza kukosea, wewe ni binadamu. Suruali je?"

Hapo ndipo alipompaka mumewe mafuta kwa mgongo wa chupa, na akampaka vizuri, kwa mshono ulionyooka. Tangu siku ile Paka hakuhitaji kubembelezwa. Mfuko wa kilo mbili ukawa wa tatu, wa tatu ukawa wa nne. Alijifunza kutembea na magongo hadi barazani, kisha hadi kwa muuza mkaa, kisha hadi kona. Aliwatania wateja waliokuja kupimwa. Na hapa ndipo penye uchungu ambao hata leo sijui niuweke wapi: uongo ulikuwa unafanya kazi. Paja lilianza kujaa kweli. Daftari, ukurasa wa mwisho, lilisema kumi na saba, kisha kumi na saba na robo. Lakini ukuta ulikuwa unakimbia kuliko daftari, kwa sababu kila Jumamosi Paka alitaka zaidi ya Jumamosi iliyopita, na mkewe, aliyewahi kumwambia mke wa diwani kwamba makalio yake ni inchi hamsini, hakuwa tena na ubavu wa kusema "bado ile ile".

Mtu mmoja alikaribia kumshika. Paka alikuwa na dada yake mdogo, mpishi wa shule ya bweni, mwanamke mwenye mikono minene na mdomo usio na breki, aliyekuja kila Jumamosi kumfulia kaka yake. Siku moja alikuwa uani anaanika, akaita.

"Wifi! Njoo uone maajabu. Suruali hii mguu mmoja umekonda. Ulikuwa unasinzia kwenye cherehani?"

Mama Leo alitoka na pini mdomoni, na pini zilimpa nafasi ya kufikiri. "Nimeubana kidogo," alisema alipozitoa. "Mguu mgonjwa ukiachiwa nguo pana unajikwaa."

"Lakini kaka anamwambia kila mtu inambana kwa kuwa paja limenenepa."

"Wifi yangu, siku nikija jikoni kwako kukufundisha kipimo cha chumvi, utanipenda?"

Wifi akaitazama suruali, akamtazama yeye, akabana kibanio. "Haya," alisema. "Wewe ndiye fundi."

Mwezi wa kumi na moja ukaingia. Mchungaji, aliyekuwa akimtembelea Paka mara kwa mara, alisikia habari za ukuta wenye namba akafurahi mno. Akauliza ni lini atafika kumi na tisa. Kanisa lilikuwa na Jumapili ya ushuhuda mwisho wa mwezi, alisema, na lingekuwa jambo la kuwatia watu nguvu kama ndugu yetu angesimama. Hakumlazimisha mtu, nisimsingizie. Aliuliza tu, akanywa maji, akaondoka. Lakini Paka aliishika tarehe ile kwa meno.

Ukuta wakati huo ulikuwa kumi na nane na nusu, na Mama Leo alikuwa ameuzuia hapo Jumamosi tatu mfululizo, akihema. Daftari lilisema kumi na saba na nusu. Alikuwa amepanga kuuzuia hapo hata mwaka mzima kama ingebidi, hadi mguu uufikie.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi alizungusha futi. Alipoinua uso alikuta Paka anamtazama, jasho jembamba limemtoka juu ya mdomo.

"Ikiwa ni ileile," Paka alisema, "basi mimi nimechoka. Nakwambia ukweli. Sinyanyui tena kitu."

Alimaanisha. Mama Leo aliuona ukuta ule na ile sura iliyogeukia ukuta, miezi na miezi mbele yake. Akajipangia haraka, kama mtu anayekata kitambaa kisichotosha: Jumanne tutakwenda hospitali, mtaalamu atapima kwa futi yake, atasema bado kidogo, aibu itakuwa ya futi yake si yangu, na Paka atakuwa na wiki nyingine ya moyo.

"Kumi na tisa," alisema.

Hakuwa amesahau kwamba kesho yake ni Jumapili. Alijitia kuisahau.

Asubuhi Paka alivaa suruali ya kahawia, ile nzuri kati ya zile mbili, iliyombana vizuri, na shati alilopigiwa pasi mara mbili. "Tutakwenda na magongo," Mama Leo alimwambia njiani. "Utasimama palepale kwenye benchi, useme, ukae. Jumanne tunaonana na mtaalamu."

"Sawa, mke wangu," Paka alisema, akitabasamu kama mtu mwenye mpango wake.

Kanisa lilikuwa limejaa. Mbele palikuwa na jukwaa la saruji lenye ngazi tatu, na juu yake kipaza sauti. Mchungaji alipolitaja jina lake Paka alisimama, akashika magongo yote mawili kwa mkono mmoja, akamnyooshea mkewe.

"Nishikie," alisema.

Watu waliona, wakaanza kupiga makofi. Mama Leo alikuwa na muda. Wengine husema mambo haya hutokea ghafla. Hapana, muda ulikuwepo, wa kutosha kabisa kusema maneno matatu: bado, kaa chini. Wangecheka kidogo, au wangesikitika, na baadaye nyumbani angelazimika kueleza. Mama Mlezi alikuwa benchi la mbele, amegeuka, anamwashiria kwa kichwa, kama mwalimu anayemhimiza mwanafunzi ajibu. Na Mama Leo, nami nasema hili kwa masikitiko, alimwomba Mungu amalizie inchi moja na nusu iliyopungua, hapohapo, katika muda wa mtu kutoka benchi hadi jukwaani. Akayapokea magongo.

Paka alitembea. Alitembea hatua kumi na moja, polepole, mikono imetanuka kidogo, kama alivyokuwa akitembea juu ya mabati zamani, na kanisa zima likasimama. Vigelegele vikapigwa. Akapanda ngazi ya kwanza kwa mguu wa kulia. Ya pili. Kwenye ya tatu ilibidi mguu wa kushoto umbebe peke yake kwa kitambo kidogo tu, na mguu ukakunjika. Aliyekaa mbele alisikia mfupa. Mama Leo alikuwa mbali, hakuusikia; alichosikia ni vigelegele kuendelea nyuma ya kanisa, kwa watu ambao hawakuwa wameona bado.

Hospitali nesi aliichana suruali ya kahawia kwa mkasi kuanzia kiunoni, akaitia kwenye mfuko wa plastiki akampa wifi. Daktari alisema bamba limepinda, skrubu mbili zimeng'oka, mfupa umevunjika palepale na sehemu moja mpya. Wakamfungua tena. Baada ya siku mbili daktari aliwaita Mama Leo na wifi akawaambia kwamba mguu utabaki mfupi kwa inchi mbili, goti halitakunjika, magongo ni ya maisha, na juu ya paa asahau. Kisha akauliza nani alimruhusu kuacha magongo. Mama Leo alisema, "Ilikuwa kanisani." Daktari akaandika kitu.

Akina mama wa maombi walikuja wodini na matunda. Walimkumbatia Mama Leo mmoja mmoja. Mama Mlezi alimvuta kando, akamshika mabega. "Palikuwa na shaka mahali," alisema kwa upole. "Si kwako. Sote tuliona ulivyosimama mwaka mzima. Kanisa litakuwa na mfano wa kutazama." Mama Leo aliitikia kwa kichwa. Sifa ile ilimkaa kooni siku tatu, na hakuitema.

Wifi, nyumbani kwake, aliitoa ile suruali kwenye mfuko ili aone kama inafaa kuwa tambara. Akaigeuza. Ndani ya mguu wa kushoto alikuta mishono minne, mmoja ndani ya mwingine, yote imenyooka. Hakuwa fundi, lakini kuhesabu hadi nne anajua. Akaenda nyumbani kwa kaka yake, akafungua chumba cha mbele kwa ufunguo wa akiba, akalipekua daftari la vipimo ukurasa kwa ukurasa, hadi wa mwisho.

Ijumaa, kabla ya kengele ya kuona wagonjwa, alimkuta Mama Leo kwenye benchi la korido. Akaiweka suruali mapajani mwake, na daftari juu yake.

"Nilikuuliza kwenye kamba," alisema, "ukaniletea mambo ya chumvi."

Mama Leo aliziona namba zake mwenyewe. "Alikuwa anakufa, wifi. Wewe ulikuwa unakuja Jumamosi unafua unaondoka. Mimi nilikuwa naye. Alikuwa anakufa pale ukutani, na kila nilipotaja namba alifufuka. Ungefanya nini?"

"Sijui ningefanya nini. Kanisani ningepiga kelele, hilo najua." Wifi alikuwa analia, na alikasirika kwamba analia. "Ulimshikia magongo, wifi. Ulijua, na ukamshikia."

"Nilijua."

"Basi mwambie. Leo, kengele ikilia. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi, na mimi sina maneno mazuri."

"Nitamwambia."

Naapa alikusudia. Aliingia wodini amejikaza, ameshika daftari kifuani, wifi nyuma yake. Kitanda cha Paka kilikuwa cha nne kutoka dirishani, mguu umening'inizwa. Wiki nzima alikuwa hajasema neno na mtu, hata nesi. Wifi alisimama upande wa miguu. Mama Leo alikaa kwenye kiti.

"Mume wangu, nina neno," alisema.

"Ngoja. Nianze mimi," Paka alisema. Sauti ilikuwa imekauka. "Nikikuachia uanze, nitashindwa." Akamtafuta mkono, akaupata. "Pale ngazi ya pili nilisikia mguu unatetemeka. Nikajiambia, huu hauwezi. Nilisema hivyo moyoni, kwa maneno kabisa: hauwezi. Na wewe umepima, umeandika, umeomba. Kumi na tisa ipo ukutani, suruali inanibana, nilitaka nini tena? Nilipewa kila kitu cha kuona, na bado nikatia shaka. Ndipo ukakunjika. Mguu ulikuwa mzima. Mbovu nilikuwa mimi."

"Usiseme hivyo."

"Usinitetee. Umenitetea mwaka mzima. Ulinibeba hadi mlangoni, mimi nikajiangusha, nikakuaibisha mbele ya watu. Sikuweza kukwambia wiki nzima kwa haya." Machozi yalikuwa yanamteremkia masikioni, hakuyafuta. "Nisamehe, mke wangu."

Mama Leo alimtazama wifi. Wifi alimtazama yeye, akangoja. Daftari lilikuwa palepale mapajani. Alitakiwa kulifungua tu. Nimewahi kusikia wakimtetea, kwamba alimhurumia, kwamba mtu aliyekwisha kuvunjika mguu hakutaka kumvunja na moyo. Labda. Lakini kabla ya kumfikiria yeye alijifikiria mwenyewe. Aliona mlango uko wazi, akapita.

"Nimekusamehe," alisema.

Wifi alifumbua mdomo. Kisha akauona uso wa kaka yake. Ulikuwa umelegea, umepoa, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile. Akaufumba mdomo, akashika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili.

Paka aliuvuta mkono wa mkewe, akauweka shavuni.

"Asante," alisema. "Mwanamke mwingine angeshindwa."